Sinia Saba Zilizorudi Zimejaa

Sinia saba. Nilizihesabu zikitoka jikoni, nikazihesabu zikirudi. Zilitoka saba, zikarudi saba, na bugali iko juu yake haijaguswa. Moja tu ilikuwa na alama ya mukono, pale mutu alikuwa amemega tonge, halafu akairudisha kwa sinia kama mutu anarudisha kitu ya wizi. Miaka kumi na moja imepita, na ile tonge bado naiona.

Ilikuwa arubaini ya mume wangu Shakuru, Mungu amurehemu. Na mwenye aliwaambia watu wasikule alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, Massoudi. Shemeji yangu.

Mi naitwa Mwantum. Shule nilisoma miaka mbili, ya tatu baba akasema inatosha, mutoto wa kike akijua kuandika jina lake hawezi kupotea. Kusoma nasoma polepole, kama mutu anatembea na mwiba kwa muguu. Lakini mahindi naijua. Mama yangu, bibi Houda, alivuka kutoka upande wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mi niko mugongoni, na mbegu ya mahindi ameifunga kwa ncha ya kitenge. Sufuria aliacha. Kitanda aliacha. Mbegu akabeba. Na hii shamba yetu ya hapa Carama, pembeni ya muji, hata kabla nyumba hazijajaa hivi, ilikuwa inaota ile mahindi yake.

Si mahindi nyeupe munazoea. Gunzi moja utakuta punje nyeupe, ingine nyekundu, ingine zambarau karibu nyeusi, zimepangana kama wageni wa harusi kila mutu na nguo yake. Unga yake inatoka rangi ya majivu. Bugali yake pia ni ya majivu majivu. Mutu mwenye hajaizoea anaiangalia vibaya kwanza, akionja anauliza kama iko ingine.

Na mama aliniachia desturi. Mbegu haiuzwi, inaombwa. Anayetaka anakuja kabla ya mvua na kikapu tupu, anavua viatu, anakaa kwa mukeka, anasema ataipanda wapi. Unamupa kiganja. Na yeye anaahidi: siku yako ikipotea, ikiliwa na wadudu, ikichomwa na vita, unaenda kwake na kikapu tupu, naye anakurudishia kiganja. Njo maana ile mbegu haikukufa. Ilikuwa kwa nyumba nyingi. Nyumba moja ikiungua, ingine iko nayo. Mwaka wa vita, moto ulikula jiko yangu na mbegu yote. Nilienda kwa Assia, jirani yangu, nikavua viatu, akanipa kiganja.

Sasa mutaelewa Massoudi aliniua namna gani.

Shakuru alikuwa makanika, mutaa nzima ya Buyenzi ilijua mikono yake. Alipougua aliniambia, "Mwantum, arubaini yangu usinunue muchele. Uwapikie ile bugali yetu na mukeke, samaki ya ziwa yetu. Nataka wakule kile mi nilikula." Nikafanya vile. Tangu alfajiri nasonga, na Assia ananisaidia, jasho inatuingia kwa macho. Wanaume wakasoma, wakamaliza, wakanawa mikono. Sinia zikaenda. Mi nilibaki nyuma ya pazia na wanawake.

Njo nikasikia sauti ya shemeji.

"Ndugu zangu, mungoje kidogo kabla ya kula. Hii rangi munaiona ni ya nini? Mahindi ya Mungu ni nyeupe. Hii ni OGM, mahindi ya kugeuzwa. Iko hapa kwa telefone yangu, muangalie wenyewe. Wanachukua chembe ya nguruwe, wanaitia ndani ya mahindi kwa laboratwari, inatoka na rangi hii hii. Mi sisemi ni haramu, mi si shehe. Mi nasema tu, mutu mwenye kuogopa Mungu wake ajiangalie."

Munaona ule ujanja? Sisemi ni haramu! Mutu anawasha moto, halafu anauliza moshi inatoka wapi.

Telefone ikapita mukono kwa mukono. Ilifika mpaka kwetu wanawake. Kwa picha kulikuwa gunzi ya rangi rangi, inang'aa kama shanga, na muzungu amevaa gants nyeupe kwa mikono ameishika. Siwezi kudanganya, ilifanana na yangu. Hapo njo mutu wa kwanza akarudisha tonge. Halafu wakasimama mumoja mumoja, kila mutu amekumbuka ana safari. Shehe Ilias mwenyewe akasema, "Penye shaka, bora kuacha," akatafuta viatu vyake. Ile dua ya mwisho, ya kumuombea marehemu watu wakishakula, haikusomwa. Shakuru wangu alibaki hapo katikati, kama mutu amepigiwa simu ikakatika.

Na Assia! Assia mwenye alisonga na mi, mwenye alionja mara tatu akasema chumvi imefika, akaenda nyuma ya choo kujitapisha. Nikamufuata.

"Assia, umekula hii mahindi miaka ishirini. Nguruwe yote hiyo utaimaliza kutapika leo?"

"Mwantum, mi naogopa moto ya akhera."

"Ungeogopa kwanza ile mbegu ulinipa we mwenyewe kwa kiganja chako."

Bugali nikawamwagia kuku. Wakala, wakashiba, kesho yake wakataga.

Wiki haijaisha, duka ya Massoudi kule mutaa wa maduka, Asiatique, mwenye alikuwa anauza misumari na majembe na pompe za kupuliza dawa, ikajaa pake, vile vifuko vya mbegu. Pake nzuri, na picha ya gunzi nyeupe inacheka. Mahindi inacheka! Mi nikaangalia, nikaelewa. Lakini kuelewa si kushuhudia. Ningesema, watu wangesema mujane ana uchungu.

Tangu hapo salamu yake nilikuwa naijibu kwa sababu kujibu salamu ni wajibu. "Alaykum salaam." Neno la pili hakupata. Kwa Idi alileta nyama, nikaipokea mbele ya watu, nikaipeleka kwa mbwa ya jirani mbele ya watu wale wale.

Na mvua ilipokaribia, nikatandika mukeka. Mwaka wa kwanza hakuja mutu. Wa pili hakuja. Wale walikuwa na mbegu ya mama kwao waliitupa, wengine waliichoma kabisa, wakaenda Asiatique kununua pake. Mwaka wa tatu nikauliza nyumba kwa nyumba nani bado ana ile mahindi. Hakuna. Hata Assia. Nikarudi nikaketi jikoni, chini ya magunzi yangu niliyotundika juu ya moshi ili wadudu wasikule, nikayaangalia. Nikasema, bon. Mi nikifa, na nyinyi mumekufa. Nyumba imebaki moja.

Njo hiyo shida yangu, muijue. Bugali ya kutupwa ningeweza kumeza. Dua ya Shakuru nilikuwa namusomea mwenyewe, mbovu mbovu, na Mungu anajua kusoma kwangu. Lakini mbegu ilivuka maji na mama yangu, ikavuka vita na mi, halafu ikafie kwa telefone ya Massoudi?

Mutoto wangu Marwa, aliolewa Musaga. Siku moja akaja na zawadi amefunga kwa karatasi. Nikafungua: pake ya baba yake mudogo, Massoudi.

"Mama, upande hii tu. Watu wataacha kusema. Mama mukwe wangu hakuli hata mandazi zako."

"Mandazi ni ya ngano!"

"Hajui, mama. Amesikia Mwantum, amesikia nguruwe, inatosha."

Nikaiweka ile pake juu ya kabati. Sikuipanda, sikuitupa. Nilikuwa naiangalia tu, kama mutu anaangalia nyoka kwa chupa.

Halafu Massoudi akakodi shamba iko karibu na yangu, akapanda mahindi yake nyeupe mpaka kwa mupaka, mustari wa mwisho unagusa wangu. Mwenye kulima atanielewa. Mahindi inaoana kwa upepo. Lile vumbi la maua ya juu linaruka, linaingia kwa nywele za gunzi ya jirani bila kupiga hodi. Nikaanza kupanda wiki tatu kabla ya watu wote, hata ardhi bado haijalowa vizuri, nabeba maji kwa bidon, ili maua yangu yakwishe kabla maua yake hayajafunguka. Mwaka mumoja mvua ilinidanganya, maua yakakutana. Nilikaa siku tatu natoa magunzi yenye weupe mwingi, nayachemsha nakula, sikuacha hata moja ya hayo kwa mbegu. Kila mutu anapita kwa njia anasema, "Bibi huyu amechanganyikiwa." Apana. Mi nilikuwa nakataa kuchanganywa.

Na mi pia nikaanza kushuku vitu. Nyanya inakaa wiki tatu haiozi, we unaita hiyo baraka? Kuku anazaliwa mwezi huu, mwezi ule amekuwa mukubwa kushinda mama yake. Nilikuwa nanusa kila kitu kwa soko mpaka wauzaji wananifukuza. Sikusema wenye laboratwari ni wachawi. Nasema hivi: mutu akipika amefunga mulango, mi kwake sikuli kabla sijaona chungu.

Mwaka jana akaja musichana juu ya pikipiki, amevaa karata ya kazi kwa shingo. Danielle, anatoka Musaga, anafanya kazi kwa watu wa mbegu.

"Amahoro, bibi mukecuru. Nimesikia we njo uko na ile mahindi ya zamani."

"Nani amekuambia?"

"Watu."

"Watu hao wamekuambia pia kwamba ni nguruwe?"

Akacheka. Mi sikucheka. Akaacha.

Akanielezea. OGM iko, akasema, si hadithi ya wajinga. Kwa nchi zingine wanachukua kitu kidogo sana kwa kiumbe moja, mara nyingi kile kidudu cha udongoni jicho haikioni, wanaitia kwa mumea kwa mukono wa laboratwari, ili mumea ufukuze wadudu ama uvumilie dawa. Lakini rangi za mahindi yangu ni za tangu zamani, mahindi ilizaliwa hivyo.

"Na nguruwe?"

"Sijawahi kukuta nguruwe kwa mahindi, mukecuru."

"We ulikuwa unaitafuta?"

Akasema iko na kipimo. Nikamuambia alete, lakini masharti ni yangu. Mahindi nasaga mi, kwa kinu yangu. Maji ya bidon yangu. Na tunapima pia ile pake iko juu ya kabati.

Akarudi kesho yake na vikaratasi vyembamba na glasi ndogo. Assia akachungulia juu ya ukuta, kwa sababu Assia tangu azaliwe hajawahi kuacha kuchungulia.

"Yee! Mwantum! Kikaratasi hicho nakijua. Ni cha kupima mimba. Na umri huo?"

"Ndiyo. Napima kama ni ya mume wako."

Danielle akataka kuanguka na glasi. Akasema kweli inafanana: ikitoka mistari mbili, kitu ya kugeuzwa iko ndani. Ikitoka mustari mumoja, haiko. Tukatia kikaratasi kwa unga yangu. Mama yangu mwenyewe nilikuwa kama namuweka mbele ya hakimu. Mustari mumoja ukapanda, mwekundu. Tukangoja. Wa pili haukuja.

Tukapima ya Massoudi. Nitasema kweli ingawa inaniuma: nilikuwa namuomba Mungu itoke mistari mbili. Hata tatu. Ikatoka mumoja.

"Ya shemeji yako pia haikugeuzwa," Danielle akasema. "Ni mahindi ya kuoanisha tu. Wanachukua ukoo mbili tofauti, wanaoanisha. Watoto wanakuwa wakubwa, wanajaza gunzi. Lakini punje zake ukizipanda tena, wajukuu hawafuati. Wanatoka kila mumoja na tabia yake. Kila musimu inabidi ununue pake mpya."

"Kwa hiyo mutu anayeipanda anarudi dukani maisha yake yote."

"Ndiyo."

"Ehee," nikasema. Na ndani yangu mambo ya miaka kumi ilikuwa inajipanga.

Halafu nikamuuliza, "Hiki kikaratasi kinajua kila kitu?"

"Apana. Kinajua zile tunazozijua tu."

"Basi hujui."

"Najua kiasi kile nimepima, mukecuru."

Jibu hilo lilinipendeza, sikumuonyesha. Mutu anayesema mwisho wa ujuzi wake ni mutu nadra. Lakini akaharibu, akaomba kiganja cha mbegu aiweke kwa baridi, kule kwao, isipotee.

"Itatoka kwa frigo na jina la nani?"

Nikamuambia arudi siku atakuwa na jibu. Akaniandikia karatasi kwamba mahindi yangu haina kitu, akapiga muhuri, akaenda.

Ile karatasi nilipeleka kwa shehe Ilias. Akaivalia miwani, akaisoma, akaikunja vizuri. "Bibi Mwantum, karatasi ni karatasi. Watu waliacha kula kwa neno la mutu, watarudi kula kwa neno la mutu." Nilikasirika mpaka nyumbani. Lakini alikuwa amesema kitu.

Halafu essence, petroli ya magari, ikakosa. Munajua wenyewe ile foleni ya magari imelala kwa stasiyo siku nne. Kamyo za mizigo hazikuja, na pake hazikuja. Massoudi alikuwa anawaambia watu kesho, kesho kutwa, Jumatatu. Mvua yenyewe haikungoja Jumatatu. Watu wakachukua punje walizobakiza za mavuno ya pake, wakapanda. Na Massoudi pia, kwa shamba yake iko kando ya yangu, akapanda hizo hizo.

Wajukuu wakatoka. Mungu wangu. Huyu anafika kwa goti, huyu anafika kwa kichwa, huyu hana gunzi kabisa, huyu ana gunzi kama kidole gumba na meno mbili mbele kama muzee. Upande huu wa mupaka, mahindi ya mama yangu imesimama, kila mumea umebeba magunzi mbili, nywele zinapepea. Njia ya kwenda kwa mabomba inapita katikati. Kila mwanamuke wa Carama mwenye kuchota maji aliona huku na aliona huku. Nilikuwa natoa kiti changu asubuhi, nakaa pale kwa mupaka, nachambua maharage.

Musimu uliofuata hakukuwa na pake wala punje ya kudanganya ardhi. Na wale walionunua kwa Massoudi walikuwa wanamungojea kwa mulango wa musikiti kila sala, wanamudai mbegu.

Nikatandika mukeka, kama kila mwaka. Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, nikasikia hodi. Massoudi, na kikapu tupu. Amezeeka. Akavua viatu, akakaa chini, goti inalia.

"Asalaam alaykum, shemeji."

"Alaykum salaam."

Nikangoja. Akaangalia magunzi juu ya moshi.

"Nimekuja kuomba mbegu."

"Ya nguruwe?"

"Shemeji, mambo ya zamani. Mi sikujua. Nilisikia watu wanasema, nikaogopea waislamu wenzangu."

"Vaa viatu."

"Shemeji..."

"Vaa viatu, Massoudi. Kwa mukeka huu haikaliwi na uongo. We ulikula kwangu tangu nilipoolewa. Ulikuwa unaomba ukoko! Siku nilizaa Marwa, nani alimaliza bugali ya uzazi nikabaki na uji?"

Akainamisha kichwa. Halafu akasema, chini chini, "Nilikuwa nimekwisha kulipia pake zile. Na Carama nzima ilikuwa inakuja kwa mukeka wako. Ningemuuzia nani?"

Miaka kumi na moja nilijua. Na kusikia bado ilinipiga, kama mulango unapigwa na upepo na we ulikuwa umeona upepo unakuja.

"Mbegu nitakupa," nikamuambia. "Desturi ya mama hainiruhusu kumukatalia mutu amevua viatu. Lakini hautatoka nayo leo. Ijumaa baada ya sala, utawaita wale wale. Wenye wako hai. Uani kwangu. Sinia saba. Na maneno hayo umeniambia mi hapa chini, utayasema umesimama, kama ulisimama siku ile."

"Mbele ya watu wote?"

"Siku ile ulinisema kwa siri?"

Ijumaa wakaja. Wengine kwa njaa ya mbegu, wengine kwa hamu ya kuona, mi sikuuliza nia. Assia alikuja alfajiri kusonga, nikamuachia mwiko bila kumuambia karibu. Danielle pia alikuja, akakaa na wanawake nyuma ya pazia, amejifunga kitambaa vibaya kama mutu anaumwa meno. Alikuwa na jibu lake: kwa kopo ya frigo wataandika mahindi ya Houda, wa Carama, na siku yangu ikipotea nitaenda na kikapu. Nikamuambia kwanza avue viatu, akae kwa mukeka, aseme hayo pale. Akasema. Nikamupa kiganja. Bado namushuku. Lakini namba yake ninayo na nyumba ya mama yake Musaga naijua.

Mbegu za wengine nilikuwa nimezifunga kwa vitambaa, kiganja kiganja, nimezipanga kwa mulango. Nikatangaza: mutu atachukua akitoka, kama sinia yake iko tupu.

Wakasoma. Wakanawa. Nikazihesabu zikitoka: saba. Massoudi akasimama, amejifuta uso mara mbili. Nilisogeza pazia kidogo, nimuone.

"Ndugu zangu. Arubaini ya kaka yangu, nilisema mahindi ya hapa ni ya nguruwe. Nilidanganya. Mi nimeikula tangu kijana. Nilikuwa na pake za kuuza, na watu walikuwa wanaomba kwa shemeji."

Muzee moja wa Buyenzi, rafiki ya Shakuru wa garage, akasema, "Na ile picha?"

"Ilitumwa tu kwa telefone. Sijui ni ya wapi."

"Na mi nilichoma yangu yote," muzee akasema. "Nilichoma na kikapu."

Shehe Ilias alikuwa anaangalia mukeka. Akasema, "Na mi nilitafuta viatu kabla ya kutafuta ukweli. Bismillahi." Akawa wa kwanza kumega.

Wakala. Mi nilisimama pale nawaangalia midomo, mumoja mumoja, sikuona aibu. Sinia ya kwanza ikarudi, imelambwa. Ya pili, ya tatu. Ya sita ikarudi na mifupa ya mukeke tu. Ya saba ilikuwa ya Massoudi, na ilirudi na tonge moja pembeni, imemegwa, imerudishwa.

Nikaichukua mi mwenyewe. Nikapita pazia, nikaingia kwa wanaume, mwanamuke muzima na miaka yangu sabini na tatu, hakuna aliyeniambia kitu. Nikaiweka mbele yake.

"Shemeji, maliza."

Akaniangalia. Macho imejaa maji. "Shemeji Mwantum, unisamehe."

"Maliza."

Akaokota ile tonge, akaitia kinywani, akatafuna muda murefu, uani nzima inamungojea. Akameza. Nikachukua sinia, nikaigeuza juu chini waone wote. Hapo njo shehe Ilias akainua mikono, akataja jina la Shakuru na jina la baba yake Shakuru, na watu wakaitika amina, nami nikasimama na sinia yangu kifuani mpaka dua ikaisha yote.